Sir John Thynne na Jumba la Longleat

Upande wa magharibi wa Uingereza, katika jimbo la Wiltshire, pana bonde lenye miti mikubwa na maji, na katika bonde hilo limesimama jumba la mawe liitwalo Longleat. Maana ya jina hilo ni mfereji mrefu, kwa kuwa zamani palikuwa na mfereji uliopeleka maji kwenye kinu cha kusagia nafaka. Jumba lina pande nne, na kila upande umejaa madirisha makubwa ya kioo, hata mtu akilitazama kwa mbali wakati jua linapokuchwa huona kana kwamba ndani mmewashwa taa elfu. Limedumu zaidi ya miaka 400. Wajuzi wa mambo ya ujenzi husema kwamba ni miongoni mwa majumba ya kwanza ya Uingereza yaliyokusudiwa kutazamwa kama kitu kimoja kizima, upande huu ukilingana na upande ule.

Nataka kuwaeleza wasomaji habari za mtu aliyelijenga. Hakuwa mwashi, wala hakupata kujifunza kazi yo yote ya mikono. Alikuwa wakili wa mali ya bwana mkubwa, kisha mjumbe wa Bunge, na jina lake John Thynne. Sisemi ya kuwa alikuwa mtu mwema. Wengi waliomjua hawakumpenda, na baadhi yao walikuwa na sababu. Lakini mtu huyu aliijenga nyumba moja, akaivunja, akaijenga tena, kwa muda wa zaidi ya miaka 30, na mwisho alipata kitu ambacho mabwana wenye vyeo vikubwa kuliko chake hawakukipata.

Kwanza yafaa msomaji ajue desturi ya wakati ule. Siku zile katika Uingereza hapakuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuchora ramani za nyumba na kuwaachia wengine kujenga, kama ilivyo leo. Palikuwa na waashi na maseremala, na juu yao mafundi wakuu, kila mmoja akiijua kazi yake kwa kufundishwa tangu ujana. Na palikuwa na mwenye nyumba, aliyetoa fedha na kusema anataka nini. Mabwana wengi walisema tu, “Nataka ukumbi na vyumba kadha wa kadha,” wakaenda zao. Wachache waliingiwa na hamu. Wakatafuta vitabu vya ujenzi vilivyopigwa chapa Italia na Ufaransa, wakaenda kutazama majumba ya wenzao, wakaazimana mafundi, wakasimama kiwanjani penye vumbi na kuamuru hili livunjwe na lile lijengwe. Thynne alikuwa mmoja wa hao, na katika Uingereza ya zamani zake sijui aliyempita kwa ukaidi.

Alizaliwa yapata mwaka 1515, katika jimbo la Shropshire karibu na mpaka wa Wales. Wazazi wake hawakuwa maskini, lakini hawakuwa na cheo. Mtu mkubwa katika ukoo alikuwa baba yake mdogo, William Thynne, aliyekuwa karani wa jiko la Mfalme Henry wa Nane. Msomaji asidhani kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kupika. Karani wa jiko alisimamia vyakula vyote vya nyumba ya mfalme na hesabu zake. Tena William alikuwa mpenda vitabu, na mwaka 1532 aliyatoa kwa chapa maandishi ya Chaucer, mshairi mkubwa wa kale wa Waingereza, akiyakusanya pamoja. Kwa mkono wa ndugu wa namna hiyo kijana aweza kuingia mahali ambapo peke yake asingalifika mlangoni.

Hata mwaka 1536 John Thynne alikuwa amekwisha kuwa wakili wa Edward Seymour. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa bahati kubwa kwa akina Seymour, maana Mfalme Henry alimwoa Jane, dada yake Edward, na mwaka uliofuata Jane akamzalia mfalme mwana wa kiume. Mama akafariki siku chache baadaye, lakini mtoto akaishi, na mjomba wa mtoto akapanda cheo mwaka hata mwaka. Thynne akapanda nyuma yake. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi za mashamba ya bwana wake, kukagua hesabu, kukodisha, kununua, na kuangalia majengo. Ndiko alikojifunza mambo mawili yaliyomfaa maisha yake yote: thamani ya ardhi, na kiasi gani fundi aweza kumdanganya mtu asiyesimama kumwangalia.

Miaka hiyohiyo Mfalme Henry alizivunja nyumba za watawa katika nchi nzima. Kati ya mwaka 1536 na 1540 watawa walitolewa, kengele na risasi za mapaa zikachukuliwa, na mashamba yao yakawa mali ya mfalme, naye akayauza kwa sababu ya haja ya fedha. Walionunua hawakuwa mabwana wa kale tu. Wengi walikuwa watu wapya, mawakili na makarani na wafanya biashara, waliokuwa na fedha mkononi na habari za mapema. Longleat ilikuwa nyumba ndogo ya watawa namna hiyo. Thynne aliinunua mnamo mwaka 1540 kwa pauni 53. Mtu akiuliza jumba hili limesimama juu ya nini, jawabu ni hilo: juu ya mahali ambapo wengine waliomba Mungu kwa karne kadha, pakauzwa kwa fedha ambazo wakili mwenye akili aliweza kuzitoa mfukoni.

Mwaka 1547 Mfalme Henry alikufa, na mwanawe Edward wa Sita akatawazwa akiwa mtoto wa miaka 9. Mjomba wake akajifanya Mlinzi wa Ufalme, akapewa cheo cha Duke wa Somerset, ambacho ni cheo cha juu kuliko vyote baada ya mfalme na jamaa yake. Kwa muda wa miaka miwili na nusu alitawala Uingereza karibu kama mfalme mwenyewe. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo alikwenda na jeshi Scotland, akawashinda Waskoti katika vita vya Pinkie, na baada ya vita akampa wakili wake cheo cha Sir. Tangu hapo mtu akitaka jambo kwa Somerset ilimbidi kwanza apite kwa Sir John Thynne, na kupita huko hakukuwa bure. Watu wa serikali walianza kunong’onezana kwamba wakili huyu atamharibia bwana wake jina kwa choyo na kiburi chake.

Somerset naye alishikwa na homa ya kujenga. Karibu na Great Bedwyn alianza jumba ambalo halikumalizika. Katika London, ukingoni mwa mto Thames, alianza jumba lililoitwa Somerset House, na usimamizi ulikuwa juu ya Thynne. Habari za jumba hilo zataka kusimuliwa, maana hazina uzuri. Ili kupata nafasi walibomoa kanisa la Mtakatifu Maria na nyumba za maaskofu zilizokuwa hapo. Ili kupata mawe walilivunja kanisa kubwa la Mtakatifu Yohana la Clerkenwell, na mwaka 1549 wakaivunja na baraza yenye makaburi iliyokuwa kando ya kanisa la Mtakatifu Paulo. John Stow, aliyeandika habari za London miaka 50 hivi baadaye, asema kwamba mifupa ya wafu iliyokuwa imehifadhiwa hapo kwa Mtakatifu Paulo ilipelekwa kutupwa katika mashamba ya Finsbury, nayo ilijaza magari zaidi ya 1,000, kwa kauli ya yule aliyelipa ujira wa kuichukua. Walijaribu na kanisa la Mtakatifu Margareta la Westminster pia, lakini wenyeji wa mtaa wakawafukuza wavunjaji.

Walakini jumba lililotoka katika mambo hayo lilikuwa jipya kabisa kwa Waingereza. Upande wake wa barabarani ulikuwa na nguzo na mapambo kwa kanuni za kale za Roma, yamepangwa kwa kipimo, si kubandikwa ovyo. Leo halipo, lilibomolewa karne ya kumi na nane, na jumba lililosimama hapo sasa kwa jina lilelile ni jingine. Lakini Thynne alikuwapo lilipopanda jiwe kwa jiwe, na aliyoyaona London aliyapeleka Wiltshire.

Maana wakati huohuo alikuwa amekwisha anza kuitengeneza nyumba yake mwenyewe. Kwa kuwa shughuli zilimshika London, alikuwa akimwandikia msimamizi wake wa Longleat, John Dodd, barua baada ya barua, za vyumba, za madirisha, za dohani. Karatasi nyingi za ujenzi zimehifadhiwa Longleat hata leo. Ukizifikiri waweza kumwona mtu aliyeketi katika mji wenye fitina, na huku nje watu wanamngoja, naye anafikiri dirisha lililo mbali naye safari ya siku kadha. Wasomaji waliowahi kujenga nyumba na kuacha kazi mikononi mwa mtu mwingine watamhurumia Dodd.

Mapema mwaka 1549 alimwoa Christian, binti wa Sir Richard Gresham, tajiri wa kuuza nguo aliyepata kuwa Meya wa London. Ndugu yake Christian ni Thomas Gresham, yule aliyejenga baadaye soko la wafanya biashara wa London ambalo Malkia Elizabeth alikwenda kulifungua mwaka 1571. Ndoa hiyo ilimpa Thynne mali, na jamaa ambao mali yao haikutegemea upendo wa mfalme. Ilikuwa kwa wakati wake.

Kwa kuwa mwaka huohuo mambo yaligeuka. Watu wa magharibi waliasi kwa sababu ya kitabu kipya cha sala. Watu wa Norfolk, wakiongozwa na Robert Kett, waliasi kwa sababu matajiri walizitia ua ardhi za malisho ya wote. Watu wadogo walimdhania Somerset kuwa ni mtetezi wao, wakamwita Duke mwema. Hilo liliwaudhi wakubwa zaidi ya kiburi chake cho chote. Mwezi wa Oktoba Baraza la Mfalme likamwinukia. Somerset akamchukua mfalme mdogo mpaka ngome ya Windsor, lakini hapakuwa na wa kumpigania, akajitoa. Thynne akashikwa pamoja naye, akatiwa katika gereza la Tower. Hesabu ya waliotiwa gerezani kwa sababu ya Somerset ni ya kuangaliwa: walikuwamo William Cecil, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Malkia Elizabeth na mjenzi wa jumba la Burghley, na Sir Thomas Smith, mtu wa elimu, ambaye baadaye alijenga Hill Hall katika Essex kwa namna mpya ya Kifaransa na Kirumi. Watu watatu wa nyumba moja, wote wamefungwa kwa ajili ya bwana mmoja, na wote watatu wakawa wajenzi mashuhuri. Mimi siwezi kuona kwamba ni kwa bahati tu. Nyumba ya Somerset ilikuwa shule, ijapokuwa mwalimu wake hakudumu.

Baada ya miezi michache waliachiliwa. Lakini Oktoba 1551 Somerset alishikwa mara ya pili, na tarehe 22 Januari 1552 akakatwa kichwa mbele ya umati wa watu wa London, wengi wao wakilia. Thynne alishikwa mara hiyo pia, na kabla ya kuwekwa huru alitozwa faini kubwa. Alitoka akiwa na kichwa chake, mke wake, mashamba yake, na Longleat. Hakuwa na bwana tena, wala hakutafuta mwingine.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, maisha yake ya pili yalipoanza. Alirudi Wiltshire akajenga. Aliwatafuta mafundi kila mahali. Jirani yake, Sir William Sharington, alikuwa amelinunua jumba la watawa la Lacock, naye alikuwa na mchonga mawe hodari jina lake John Chapman. (Huyo Sharington alikuwa msimamizi wa kiwanda cha kupiga sarafu cha Bristol, akashikwa mwaka 1549 kwa kutoa sarafu zilizopungua uzito, kisha akasamehewa. Katika habari za watu hawa mwenye mikono safi ni adimu.) Thynne alimtaka Chapman, ikambidi angoje zamu yake, maana mabwana waligombea mafundi wazuri. Mwaka 1554 alifanya mapatano na mwashi mwingine, William Spicer, na kazi ikaendelea.

Malkia Mary alipotawala, Thynne alikaa kimya shambani, ila alikuwa na kazi ya kuangalia hesabu za nyumba ya Elizabeth, mdogo wake malkia, ambaye wakati ule kuwa rafiki yake kulikuwa hatari. Elizabeth aliposhika ufalme mwaka 1558, watu walitazamia kwamba Thynne naye atapanda. Hakupanda. Cecil alikuwa waziri. Thynne akabaki bwana wa jimbo. Alichaguliwa kwenda Bungeni mara nyingi, na mwaka 1559 na tena mwaka 1571 alikuwa mjumbe wa jimbo lote la Wiltshire, ambao ni ujumbe wa heshima kuliko ule wa mji mdogo. Sikuona jambo kubwa alilolitenda Bungeni. Moyo wake ulikuwa mahali pengine.

Mwezi wa Aprili mwaka 1567 moto ulishika Longleat. Nyumba aliyokuwa ameijenga kidogo kidogo kwa miaka 20 iliungua. Thynne alikuwa na umri wa miaka 50 na kitu, na kwa siku zile huo ulikuwa uzee wa kumfanya mtu atosheke. Mke wake Christian alikuwa amekwisha fariki, naye alikuwa amemwoa Dorothy Wroughton. Angaliweza kufanya matengenezo akakaa. Yeye akaanza upya. Seremala Mfaransa, Adrian Gaunt, alilipwa kwa kutengeneza mfano mdogo wa jumba kwa mbao, ili bwana aone kwa macho kitu kitakavyokuwa kabla ya kutia jiwe. Mwaka 1568 alikuja mwashi mkuu kijana, Robert Smythson, aliyeletwa kwa sifa alizopewa na mwashi mkuu wa malkia. Pamoja naye alifanya kazi Mfaransa mwingine, mchonga mawe Allen Maynard. Hawa wawili ndio walioleta mkono uliokosekana.

Thynne alikuwa amenunua chimbo la mawe la Haselbury karibu na Box, mbali na Longleat kwa maili zaidi ya 10, na jiwe lake ni lile jeupe lenye kuelekea rangi ya asali, laini likitoka ardhini na gumu likipata upepo. Likaja kwa magari. Kuta zikapanda. Na hata hivyo bwana hakuridhika, kwa maana mwaka 1572 akaanza tena kazi mpya, akizivika kuta zake uso mpya wa nje kutoka chini hata juu. Nadhani mafundi walikuwa wakitazamana.

Uso huo ndio tunaouona leo. Majumba ya kale ya Uingereza yalijengwa kama mtu aliyejikunyata: mbele pana lango na mlinzi, kisha behewa, na madirisha mazuri yametazama ndani, maana nje palikuwa na adui. Longleat yatazama nje. Behewa zimo, lakini zimefichwa katikati, kazi yake kuingiza mwanga. Nje pana orofa tatu, na kuta zimetokezwa mbele kwa madirisha 13 ya kutokeza, yanayopanda kutoka chini mpaka juu. Juu ya kila tokezo kumechongwa nguzo bapa kwa namna tatu za kale: ya Kidoriki chini, ya Kiioniki katikati, ya Kikorintho juu. Jiko na maghala yamewekwa chini, katika orofa iliyozama nusu ardhini, ili yasiharibu umbo. Na juu kabisa paa ni bapa, watu hutembea, na pana vijumba vidogo ambamo wageni walipanda baada ya chakula kula vitu vitamu na kutazama nchi. Hapana ngome, hapana tundu la mshale. Mtu aliyefungwa mara mbili kwa kosa la bwana wake, aliyeona wakubwa wakikatwa vichwa mmoja baada ya mwingine, alijenga nyumba isiyoweza kujilinda hata nusu saa. Kwangu hilo ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika maisha yake, nami naona alijua kuta nene hazikumfaa Somerset lo lote kule Windsor.

Daftari za hesabu zimesalia. Tangu mwaka 1568 hata 1580 zilitumika pauni 8,016, shilingi 13, na peni 8 na robo. Tuipime fedha hiyo. Fundi mzuri wa siku zile alipata kama shilingi moja kwa siku, na pauni moja ni shilingi 20. Kwa fedha hiyo ungaliweza kumlipa fundi mmoja kwa siku zaidi ya 160,000. Yaani akifanya kazi siku 300 kila mwaka, zaidi ya miaka 500. Na ile robo ya peni yatuonyesha kwamba wakili wa zamani hakufa ndani ya bwana mwenye jumba. Aliweza kuvunja ukuta mzima kwa kuwa haukumpendeza, lakini hakuruhusu robo ipotee.

Kwa mafundi hakuwa mkarimu. Palitokea ugomvi juu ya malipo, na Smythson na Maynard wakamkumbusha kwa maandishi kwamba mpango wa kazi ile ulitoka kwao. Hapo watu wa elimu wamebishana: Longleat ni kazi ya nani? Wengine husema ni ya Smythson, kwa kuwa baadaye alijenga Wollaton, na Thynne hakujenga jumba jingine kama hili. Mimi naona mafundi walisema kweli juu ya uso wa nje, wala si haki kuwanyang’anya sifa yao kwa kuwa walilipwa kwa siku. Lakini mafundi hao walikuta mtu aliyekwisha kujenga na kuvunja kwa miaka 20 kabla yao, aliyeiona Somerset House ikipanda, ambaye hakukubali kitu cha nusu. Fundi hodari akimpata bwana anayetosheka upesi, hufanya kazi ya kutosha, basi.

Majirani nao hawakumwacha. Maandishi ya kejeli yalienea, yakimcheka kwa asili yake ndogo, na kwa kusumbuka miaka karibu 30 akiwaza nyumba asiyoweza kuimaliza. Aliyeandika alidhani amemtukana. Mwaka 1574 Malkia Elizabeth, akiwa katika safari yake ya magharibi, alifika Longleat, ijapokuwa kazi ilikuwa haijaisha. Msomaji awaze nyumba yenye vumbi na mawe ya kuchongwa nje, na malkia na msafara wake wote ndani.

Sir John alikufa mwezi wa Mei mwaka 1580. Jumba lilikuwa bado halijamalizika. Aliacha watoto wengi, na mkubwa wao, John, akarithi Longleat. Smythson hakungoja, mwaka huohuo alikwenda Wollaton karibu na Nottingham, akamjengea Sir Francis Willoughby jumba refu zaidi na lenye mapambo mengi zaidi. Alikufa mwaka 1614, na jiwe la kaburi lake lamwita msanifu wa majumba, jina ambalo wakati ule lilikuwa bado geni kwa fundi wa Kiingereza.

Ukoo wa Thynne wangali wanamiliki Longleat. Vyumba vya ndani vimebadilishwa mara nyingi, lakini nje pameachwa karibu kama Sir John alivyopaacha. Mwaka 1949 mwenye jumba wa wakati huo aliwafungulia watu wote milango wapate kuingia kwa kiingilio, kwa kuwa kodi za urithi zilimlemea. Na mwaka 1966, kwa haja ileile ya fedha, walileta simba wakawaachia katika shamba la jumba, na watu wakapita kati yao wakiwa ndani ya motokaa zao, jambo ambalo nje ya Afrika lilikuwa halijafanywa. Kutoka katika vile vijumba vya juu ya paa, ambamo wageni wa Sir John walikula vitamu vyao, ni mwendo mfupi tu mpaka simba walipo.